Msiba Unapotangulia Simuni

Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, kuna koo ambazo watoto wao wametawanyika Mbeya na Dar es Salaam, na kikao cha ndugu siku hizi hukaa kwenye kundi la WhatsApp. Hapo michango hupangwa. Hapo pia watu huumizana: picha ya marehemu inarushwa kabla dada yake hajapigiwa simu.

Watu wa Rungwe si wageni wa maongezi yenye adabu. Monica Wilson, aliyefanya utafiti kwa Wanyakyusa wa Rungwe miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, alieleza katika kitabu cha 1951 vijiji vya watu wa rika moja, waliothamini sana kula, kunywa na kuzungumza pamoja. Ana kwa ana, uso wa mwenzako hukuonya mapema. Simuni, "sawa" ya haraka husomeka kama hasira.

Aprili 2020 WhatsApp ilizuia ujumbe uliosambazwa mno kutumwa kwenye zaidi ya soga moja kwa mara moja. Hatua njema, lakini programu haijui nani hajaambiwa.

Msimamizi wa kundi anajua. Anaweza kulifunga, waandike wasimamizi pekee, mpaka wafiwa wote wa karibu wapigiwe simu.