Nguzo za Karatasi na Nyumba ya Msonge

Mwambie fundi wa Pasua au Majengo, hapa Moshi, kwamba nguzo ya nyumba yaweza kuwa ya karatasi, atakuuliza masika yakifika itakuwaje. Msanifu majengo Shigeru Ban, aliyezaliwa Tokyo mwaka 1957, amelijibu swali hilo kwa mabomba ya karatasi kwa zaidi ya miaka 30. Bomba lenyewe unalijua: ni lile gumu lililo katikati ya jora la kitambaa dukani, ila hili ni nene na hukingwa dhidi ya maji na moto.

Kwetu jina lake linaanzia mwaka 1994. Wanyarwanda zaidi ya milioni 2 walikimbia kufuatia mauaji ya kimbari, wengi wakaingia Zaire, wengine Ngara. UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, iliwapa turubai. Miti ya kuzisimamishia wakaikata porini. Zikaletwa nguzo za alumini, watu wakaziuza (nani angewalaumu?) na kurudi kwenye miti. Ban akaipelekea UNHCR, Geneva, wazo la mabomba yake. Kwangu, ujanja wake uko hapo: alichagua kitu ambacho hakingempa mkimbizi sababu ya kukipeleka sokoni. Mwaka 1999 vibanda 50 vya majaribio vilijengwa kambini Byumba, Rwanda.

Kobe, Japani, baada ya tetemeko la mwaka 1995, alisimamisha nyumba za mabomba hayo juu ya kreti za bia zilizojazwa mchanga, na kanisa lililotumika miaka 10 kabla ya kuhamishiwa Taiwan. Tuzo ya Pritzker ilimfikia mwaka 2014.

Mchagga wa zamani asingeshangaa sana. Msonge, ambao mfano wake bado unaonekana Marangu, ni miti na fito zilizofungwa, zikaezekwa kwa nyasi au majani makavu ya mgomba. Ukichakaa, vifaa vya kuukarabati viko kihambani, kwenye shamba la nyumbani. Leo ukipanda kutoka Himo unaona tofali na bati, na sioni kosa: bati huvuna maji, wala halidai kuezekwa upya kila mara.

Kwa hiyo simshauri mtu alete mabomba ya karatasi Rombo. Hata Kalobeyei, Turkana nchini Kenya, ambako UN-Habitat ilimwita Ban mwaka 2017 abuni nyumba za wakimbizi, hoja ilikuwa vifaa vya pale pale na ujenzi usiohitaji wataalamu wengi. Moshi ingebidi tuulizane tuna nini kisicho na mnunuzi. Makapi ya miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC tayari yanazalisha umeme, hayo tuyaache. Pumba za mpunga wa Chekereni je?