Nyumba ya Wafalme huko Kasubi

Kila mtoto wa Shasha amekwisha kuona paa la nyasi. Lisipotengenezwa, mvua hupenya na nyasi huoza. Lakini nchini Uganda, juu ya kilima cha Kasubi katika mji wa Kampala, iko nyumba kubwa ya nyasi iliyojengwa mwaka 1882, na watu wanaitunza hata leo.

Jina lake ni Muzibu Azaala Mpanga. Mutesa wa Kwanza, Kabaka, maana yake mfalme, wa Buganda, aliijenga iwe jumba lake. Alipokufa mwaka 1884 alizikwa humo. Baadaye Mwanga, Daudi Chwa na Mutesa wa Pili walizikwa hapo pia.

Kwa desturi, mgeni huvua viatu mlangoni, huketi juu ya mkeka, wala hapigi kelele. Mbele yake kuna pazia la nguo ya gome la mti uitwao mutuba. Gome huchunwa, huchemshwa, kisha hupigwa kwa nyundo za mti mpaka liwe laini. Nyuma ya pazia ndimo walimolala wafalme, mgeni hapiti.

Ndani ya paa mna pete 52 za matete. Kila pete ni alama ya ukoo mmoja wa Buganda. Watu wa ukoo wa Mbega huezeka. Wa ukoo wa Chui hupamba ndani.

Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 moto uliiteketeza nyumba. Makaburi yalisalimika, lakini paa lote lilikuwa majivu. Watu wengi walilia. Je, yote yalikwisha? Hapana. Wajuzi wa kuezeka walikuwapo bado, wakawafundisha vijana. Kazi ilikwenda polepole, miaka mingi. Mwaka 2023 UNESCO, shirika la mataifa linalolinda mahali pa kale, liliiondoa Kasubi katika hesabu ya mahali penye hatari.

Wajapani nao wanalijua jambo hili. Huko Ise wana hekalu la mbao na nyasi. Hulijenga upya kila miaka 20, na vijana hujifunza kwa wazee. Walifanya hivyo mwaka 2013.

Nyasi huungua, na miti huoza. Kinacholinda nyumba ya kale ni mikono inayojua kazi. Mzee akifa bila kumfundisha mtoto, hapo ndipo nyumba imeanguka kweli.

Maswali
1. Pete 52 ni alama ya nini?
2. Nguo ya gome hutengenezwaje?
3. Ni kazi gani ya mikono wazee wa kwenu wanaijua? Nani anajifunza kwao?