Somaliland: Serikali Iliyosimamishwa na Wazee

Mtu wa Kitui au wa Makueni hahitaji kufundishwa maana ya ukame. Ajua kuchimba mchanga wa mto mkavu ili apate maji, na ajua thamani ya mbuzi mvua inapokosa kunyesha. Kwa hiyo ataielewa upesi nchi tunayotaka kuieleza hapa, nayo ni Somaliland, iliyo katika Pembe ya Afrika, kwenye Ghuba ya Aden, ikipakana na Jibuti, Ethiopia na Somalia.

Pwani yake huitwa Guban, yaani mahali palipoungua, kwa sababu ya joto lake. Nyuma ya pwani iko milima, na kusini ya milima kuna malisho mapana yaitwayo Haud, yasiyo na mito ya kudumu. Huko maji ya mvua huwekwa katika mabirika yaliyochimbwa ardhini. Utajiri wa wenyeji ni ngamia, kondoo na mbuzi, ambao hupelekwa kwa meli kutoka bandari ya Berbera mpaka Arabuni.

Nchi hii, iliyokuwa chini ya Waingereza, ilipata uhuru tarehe 26 Juni 1960, na tarehe 1 Julai ikaungana na Somalia iliyotawaliwa na Waitalia. Muungano huo haukuleta heri iliyotumainiwa. Katika vita vya mwaka 1988, ndege za serikali ya Siad Barre ziliupiga mabomu mji wa Hargeisa, ingawa ulikuwa mji wa raia wake yenyewe, na watu wengi mno wakakimbilia Ethiopia. Serikali hiyo ilipoanguka mwaka 1991, viongozi na wazee walikutana Burao, na tarehe 18 Mei wakatangaza kujitenga.

Lakini kutangaza si kutawala. Bunduki zilikuwa nyingi, na baada ya muda mfupi wenyewe kwa wenyewe wakaanza kupigana. Ndipo mwaka 1993 wazee wa koo walipokutana Borama, wakazungumza kwa miezi kadha mpaka wakapatana, na Mohamed Ibrahim Egal akachaguliwa kuwa Rais. Baraza lao, liitwalo Guurti, likawa sehemu ya Bunge. Lina wajumbe 82, sawa na Baraza la Wawakilishi. Mkamba aliyesimuliwa habari za nzama, baraza la wazee wa kwao, hatauona mwendo huo kuwa mgeni.

Tangu hapo Somaliland imekuwa na shilingi yake, polisi wake na mahakama zake. Katika uchaguzi wa mwaka 2003 Rais alishinda kwa kura zisizofika 300, wala nchi haikuingia vitani. Mwaka 2024 Rais aliyekuwa madarakani alishindwa, akamwachia kiti mshindani wake kwa amani.

Hata hivyo haifai kuisifu kupita kiasi. Wajumbe wa Guurti hawajapata kupigiwa kura na raia wote, na katika uchaguzi wa wawakilishi wa mwaka 2021 hakuchaguliwa mwanamke hata mmoja. Tena, watu wengi wa Las Anod, upande wa mashariki, hawakutaka kutengwa na Somalia. Mwaka 2023 walipigana na majeshi ya Hargeisa mpaka wakayaondoa.

Kwa zaidi ya miaka 30 hakuna mwanachama wa Umoja wa Mataifa aliyeitambua nchi hii, hata Israel ilipotangaza kuitambua mwezi Desemba 2025. Somalia yasema kwamba ni sehemu yake. Umoja wa Afrika waogopa mipaka ya bara isije ikavunjwavunjwa. Somaliland hujibu kwamba mipaka yake ni ile ile ya mwaka 1960. Hasara humwangukia raia: serikali yake haiwezi kukopa katika Benki ya Dunia, na pasi yake hukubaliwa na nchi chache.

Wazee wa Borama walionyesha kwamba serikali husimama kwa kukubaliwa na watu wake. Kipimo hicho hicho ndicho ambacho watu wa Las Anod wameiwekea Hargeisa, nayo haina budi kukijibu.