Albireo: Jina Lililovaa Kanzu ya Kuazima

Nilijikwaa ulimi Nyamarambe, huko Mugirango Kusini katika nchi ya Wakisii. Ulikuwa usiku wa Septemba, mawingu yametawanyika, na mwenyeji wangu, mwalimu wa shule, akatoa darubini yake ndogo uani. Wanafunzi wakaizunguka. Akaielekeza kaskazini, akaniambia, "Karibu, mzee, utazame."

Kwa macho matupu nilikuwa nimeona nyota moja tu. Ndani ya darubini zilikuwa mbili: kubwa ya rangi ya dhahabu, na ndogo ya buluu kando yake, kama kito na pete. "Yaitwa Albireo," akasema.

Mimi mtu wa chuoni, niliposikia "al" kichwa kikavimba. Nikawaambia vijana kuwa jina hilo ni la Kiarabu, kama Suheli ya manahodha wetu. Kijana mmoja akauliza kwa adabu, "Lina maana gani, mzee?" Nikabaki kujikohoza.

Niliporudi Mombasa nilifungua vitabu, nikaona haya. Ptolemy wa Iskandaria, katika karne ya 2, aliandika kuwa kundi lile la nyota ni "Ornis", yaani ndege kwa Kiyunani. Waarabu walipokifasiri kitabu chake wakaliandika neno hilo kwa herufi zao. Katika karne ya 12 likavuka kutoka Kiarabu kuingia Kilatini, likatoka limeharibika: "eurisim". Baadaye ikadhaniwa ni mmea uitwao erysimum, ikaandikwa "ab ireo", maana yake "kutokana na ireo". Wengine nao wakadhani hicho ni Kiarabu kilichonakiliwa vibaya, wakatia L. Ikazaliwa Albireo! Mwaka 2016 Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki ukalithibitisha jina hilo.

Waarabu wenyewe waliiita Minqar al-Dajaja, mdomo wa kuku, kwani ipo mdomoni mwa ndege yule. Mkiani ipo Deneb, na hilo ndilo la Kiarabu kweli: dhanab, mkia.

Ndugu msomaji, sisi wenye tenzi za hati za Kiarabu twajua jinsi nukta moja ya mnakili igeuzavyo neno. Ndiyo maana mwalimu wangu wa chuo hakuniacha nivuke aya kabla sijaisoma mbele yake.

Nimempelekea mwenyeji wangu barua awasomee wanafunzi wake: mzee alikosea. Usiku ule, mwanafalaki alikuwa yule kijana aliyeuliza maana.