Chai ya Fundi ni Heshima, Si Mshahara

Kila tunapoanza mradi wa nyumbani, iwe ni tangi la maji, choo, boma la ng'ombe au kuezeka mabati, kuna swali moja linalofika kabla hata ya simiti: je, fundi ni lazima apewe chai? Wengine husema ndiyo, bila chai kazi haiendi. Wengine husema hapana, fundi ni mtu wa kulipwa, akanywe chai kwake. Na kwa kuwa swali halijibiwi wazi siku ya kwanza, siku ya mwisho linaleta maneno. Mama mwenye nyumba anasema, "Nimewalisha siku sita, na bado mnanidai pesa yote?" Fundi naye anajibu, "Lakini mama, chai mimi sikuomba." Urafiki unaishia hapo, na tangi lenyewe bado halijapigwa plasta ya ndani.

Hapa Makongeni na vijiji vilivyo karibu jambo hili linatuhusu sana, maana kila siku kuna mjengo mahali. Hebu basi tulitazame polepole: desturi hii ilitoka wapi, sheria inasema nini, chai yenyewe inagharimu nini, na adabu ya kuitoa ni ipi.

DESTURI ILITOKA WAPI?

Wazee wetu walisaidiana kazi. Wakikuyu waliita ngwatio, Wakamba mwethya, Wajaluo saga. Watu walikusanyika kwa mmoja wao wakalima au wakajenga. Leo kwako, kesho kwangu. Hakuna aliyelipwa pesa. Mwenye boma aliwapikia, na chakula hicho kilikuwa asante yake. Deni lenyewe alililipa kwa mikono yake siku alipokwenda kumsaidia mwenzake.

Chai ilikuja baadaye. Katika Kenya ilipandwa mara ya kwanza mwaka 1903 huko Limuru, ambako leo ni ndani ya kaunti yetu hii ya Kiambu. Kwa miaka mingi ilikuwa zao la mashamba makubwa ya wazungu. Wakulima wadogo waliingia kwa wingi baada ya uhuru, shirika la KTDA lilipoanzishwa mwaka 1964. Polepole chai ya maziwa ikashika nafasi ya uji katika nyumba nyingi, na mapumziko ya saa nne ya asubuhi yakazoeleka viwandani, maofisini na kwenye mijengo.

Kwa hiyo tunapompa fundi kikombe cha chai, tunafuata adabu ile ile ya ngwatio. Lakini kuna tofauti moja kubwa. Fundi wa leo hatakuita kesho ukamjengee. Yeye anaishi kwa pesa: ana kodi ya nyumba, ana karo, ana watoto wanaomngojea jioni. Chai haiwezi kumlipia kodi. Tukisahau tofauti hiyo, tunaanza kuhesabu vikombe siku ya malipo.

SHERIA INASEMA NINI?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataja mambo matatu yanayotusaidia hapa.

Kwanza ni maji. Mwajiri ni lazima awape wafanyakazi wake maji safi ya kutosha mahali pa kazi. Hili halina mjadala.

Pili ni chakula. Mwajiri analazimika kumlisha mfanyakazi ikiwa walikubaliana hivyo waziwazi walipoandikana kazi. Kama hawakukubaliana, hakuna deni la chakula.

Tatu ni malipo. Mshahara hulipwa kwa pesa, na kibarua wa siku anastahili kulipwa siku inapokwisha. Hakuna mahali panaposema mwenye nyumba anaweza kukata chai aliyoitoa kwa hiari yake.

Ni kweli, fundi mwingine huchukua kazi yote kwa bei moja kama kandarasi, naye si kibarua wako wa siku. Lakini hata huyo mnafuata yale mliyokubaliana. Usimkate kitu ambacho hamkukitaja.

Kwa maneno mafupi: maji ni haki yake, pesa ni jasho lake, na chai ni mapatano au ni heshima. Tusichanganye hayo matatu.

CHAI YA SIKU SITA NI KIASI GANI?

Watu husema, "Ah, ni chai tu." Hebu tupige hesabu. Tuseme fundi mmoja na watu wa mkono wawili wanajenga tangi kwa siku sita. Kila mtu anakunywa vikombe viwili saa nne. Hivyo ni vikombe 36. Kama vikombe vitatu vinamaliza lita moja, mmepika lita 12 za chai. Ikiwa nusu yake ni maziwa, hizo ni lita sita za maziwa. Ongeza mandazi mawili kwa kila mtu kila siku, yaani mandazi 36. Ongeza sukari, majani na makaa. Ongeza pia saa za mama anayepika, ambazo hakuna mtu anayezihesabu.

Sasa kikundi chenye wanachama 15, kila mmoja akijengewa tangi lake kwa zamu, kitatumia lita 90 za maziwa kwa chai ya mafundi peke yake. Hiyo si chai tu. Hiyo ni sehemu ya mradi, na inafaa iandikwe kwenye bajeti pamoja na kokoto na mchanga.

Kuna hatari nyingine inayojificha hapa. Nyumba ya kwanza wanatoa chai na mkate. Nyumba ya pili, ili wasionekane wanyimivu, wanatoa chapati. Nyumba ya tatu wanachinja kuku. Zamu inapomfikia mama mjane anayeuza mboga kando ya barabara, anaanza kusema, "Mimi mniruke kwanza, mchanga wangu haujafika." Mchanga umefika. Anachoogopa ni aibu ya kutoa strungi mahali ambapo wenzake walitoa kuku. Mwezi unapita, mvua inapita, na yeye ndiye aliyehitaji tangi kuliko wote.

Dawa yake ni rahisi. Kikundi kikae kabla ya tangi la kwanza na kiamue chakula cha aina moja kwa nyumba zote. Kwa mfano, chai ya maziwa na mandazi mawili. Au uji wa wimbi na viazi vitamu. Katibu aandike kwenye kumbukumbu. Gharama itoke kwenye mfuko wa mradi, na mweka hazina ampe kila mwenye zamu kiasi kilekile. Na mwenye uwezo asiongeze juu yake, hata akitaka. Hapo mjane na mwenye duka watakuwa sawa.

ADABU YA KUTOA CHAI

1. Sema siku ya kwanza. Mnapopatana bei, uliza wazi: "Fundi, bei hii ni pamoja na chai au bila chai?" Kama huna uwezo, sema bila haya: "Chai sitaweza, lakini maji ya kunywa yapo." Fundi mwenye akili hatakasirika. Atapitia kibandani kabla ya kuja, au atabeba yake. Kinachomuudhi mtu ni kungoja kitu kisichokuja.

2. Wote wapewe. Usimpe fundi mkuu chai ya maziwa na kumwacha mtu wa mkono akitazama. Huyo ndiye aliyebeba karai tangu asubuhi. Na msichana wa kazi au binti aliyepika, naye apate kikombe chake.

3. Maji na sabuni kwanza. Simiti mbichi inaunguza ngozi, na rangi ina kemikali. Weka mtungi wa maji, sabuni na karai safi ya kunawia kabla ya kuleta mandazi.

4. Vikombe viwe vya watu. Kuna nyumba ambazo zina "kikombe cha fundi", kile kilichopasuka mkono, kinachokaa nje na ndoo. Fundi anaona, hata kama hasemi. Kikombe kikioshwa vizuri kwa sabuni na maji ya moto hakina ubaya wowote.

5. Uliza mtu anakunywa nini. Wasabato wengi hawanywi chai ya majani. Mwislamu wakati wa Ramadhani amefunga mchana. Usimlazimishe, na usimuulize mara mbili mbele ya wenzake. Mwenye kisukari anahitaji chai bila sukari. Kwa hiyo sukari iwekwe kando, kila mtu ajitilie. Uji nao usidharauliwe. Mara nyingi humshibisha mtu wa kazi ngumu kuliko chai.

6. Maziwa yachemke vizuri. Maziwa mabichi yanaweza kuleta ugonjwa wa brusela na hata kifua kikuu. Lakini chai ikishachemka, iache ipoe kidogo kabla ya kunywewa. Mwaka 2016, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba kunywa vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65, kuna uwezekano wa kuleta saratani ya njia ya chakula kooni. Ile sifa ya "chai ya moto inayochoma" tuiache.

7. Chagua mahali pazuri. Chai inyweke nje kivulini au barazani, watu wakiwa wamekaa, si wakiwa wamesimama juu ya ngazi. Kama mama yuko peke yake nyumbani, hana haja ya kuwakaribisha ndani. Barazani ni heshima ya kutosha. Msichana mdogo asitumwe peke yake kuwapelekea chai ndani ya nyumba tupu inayojengwa. Na mtoto asibebeshwe sufuria wala chupa ya chai ya moto. Ajali ya kuungua huja kwa dakika moja tu.

8. Angalia saa. Simiti iliyokwisha kuchanganywa na maji haingoji mtu. Mwambie fundi mapema, "Chai itakuwa tayari saa nne," ili asichanganye karai nyingine kabla ya kunywa. Robo saa au dakika ishirini zinatosha.

9. Pombe hapana. Hata siku ya kumaliza. Mtu anayepanda juu ya paa au kushika waya wa stima hafai kuonja hata kidogo.

NA WEWE FUNDI JE?

Adabu ina pande mbili. Fundi akipewa chai, anawe, avue buti zenye matope akikaribishwa ndani, na aseme asante. Asiagize chapati mahali ambapo kuna uji. Asikae saa nzima kwenye mapumziko kisha alalamike kuwa siku imekuwa fupi. Arudishe vikombe vyote. Na asipopewa chai ambayo haikuwa kwenye mapatano, asilipize kisasi kwa kupunguza simiti kwenye mchanganyiko. Tangi litavuja, na jina lake litavuja pamoja nalo.

ILE "CHAI" NYINGINE

Hapa kwetu neno chai lina maana ya pili, na hatuwezi kulipita. Mtu wa maji au wa stima anakuja kufunga mita. Anamaliza, anajikuna kichwa na kusema, "Sasa mama, na chai?" Ukiwa na chupa ya chai mezani, mmiminie kikombe, huo ni ukarimu wa kawaida. Lakini kama anataka noti ndipo afungue maji, hiyo si chai. Ni hongo. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inamkamata anayepokea na pia anayetoa.

Njia ya kutofautisha ni hii. Chai ya heshima hutolewa mbele ya watu, wala kazi haisimami isipotolewa. Ile nyingine huombwa kwa kunong'ona, na bila hiyo mita haifungwi. Mtu huyo analipwa na kampuni yake. Lipa ada iliyowekwa, omba risiti, na umuulize jina lake.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika mradi wetu wa sasa, je, tulikubaliana na fundi juu ya chai? Imeandikwa wapi?

2. Ni mwanachama gani anaweza kushindwa na gharama ya kuwalisha mafundi? Tutamsaidiaje bila kumwaibisha mbele ya wengine?

3. Nani hupika chai hiyo, na kazi yake inahesabiwa vipi?

4. Watu wa mkono hulipwa siku gani? Je, kuna mmoja ambaye mpaka leo tunamdai chai badala ya kumlipa pesa yake?

Swali la mwisho msiliache lipite haraka. Kama jibu ni ndiyo, mlipeni wiki hii.