Klabu ya hesabu yaweza kuanza na mfupa wa Ishango

Wanafunzi wengi wa sekondari hukariri fomula kwa ajili ya Exetat, kisha huzisahau. Klabu ya hesabu yaweza kusaidia bila makuta mengi: mwalimu mmoja, ubao, chaki na saa moja kila juma.

Swali la kwanza liko Kivu ya Kaskazini. Mwaka 1950, mchunguzi Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua Ishango, kando ya Ziwa Edward, mfupa wa miaka karibu 20.000 wenye mikato. Safu moja ina mikato 11, 13, 17 na 19. Nyingine 11, 21, 19 na 9. Kila moja inafika 60. Kwa nini? Wataalamu wangali wanabishana.

Wanafunzi nao wabishane: kila juma mmoja wao, msichana au mvulana, aeleze jibu lake ubaoni na wenzake walipime. Mfupa wenyewe umehifadhiwa Brussels, lakini kwa swali hilo chaki inatosha.