Ufundi wa viyoyozi: Ada ndogo si gharama ndogo

Na Mwandishi Wetu

MSIMU wa joto unapoingia Dar es Salaam, kuanzia Desemba hadi Machi, fundi wa friji na viyoyozi hakamatiki. Wenye mabucha, wauza samaki, hoteli, maduka ya dawa na ofisi humtafuta wote kwa wakati mmoja. Haishangazi basi kwamba wazazi na wafanyabiashara wadogo wengi huona kumsomesha kijana ufundi huu ni kuweka fedha mahali salama. Swali ni moja: fedha hizo hurudi baada ya muda gani?

Wengi huanza hesabu kwa kuuliza ada. Katika vyuo vya Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ada ya kozi ndefu katika miaka ya karibuni imekuwa Sh. 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na Sh. 120,000 kwa wa bweni. Ni ndogo kwa sababu mzigo mkubwa hubebwa na Serikali pamoja na tozo ya mafunzo wanayolipa waajiri.

Hata hivyo, ada si gharama yote. Anayenunua lori hahesabu bei ya lori peke yake. Huhesabu pia mafuta, matairi na siku ambazo lori litalala gereji. Kijana aliye darasani, kwa lugha ya biashara, ni lori lililolala gereji.

Hesabu yenyewe

Chukua mfano wa kijana mwenye biashara ndogo inayompa faida ya Sh. 5,000 kwa siku, kwa siku 250 za mwaka. Anaiacha na kusoma kutwa kwa miaka 2. Tarakimu hizi, ukiacha ada, ni za makadirio; kila msomaji aweke zake.

Ada: Sh. 120,000
Nauli (Sh. 1,200 kwa siku, siku 200 kwa mwaka): Sh. 480,000
Kipato alichoacha: Sh. 2,500,000
Vifaa vya kuanzia kazi: Sh. 1,500,000
Jumla: Sh. 4,600,000

Ada haifiki hata senti 3 katika kila shilingi iliyotumika. Nauli peke yake ni mara 4 ya ada.

Akimaliza, tuseme anapata kazi 14 kwa mwezi, na kila moja inamwachia Sh. 20,000 baada ya kutoa nauli na vipuri. Kwa mwaka ni Sh. 3,360,000. Ukitoa Sh. 1,250,000 alizokuwa akipata zamani, ongezeko ni Sh. 2,110,000. Mtaji unarudi baada ya miaka 2 na miezi 2 hivi. Lakini kazi zikishuka kutoka 14 hadi 10, ongezeko linabaki Sh. 1,150,000 na mtaji unarudi baada ya miaka 4. Kazi 4 tu za mwezi karibu zinaongeza muda huo maradufu. Ndiyo maana wastani ukokotolewe pamoja na miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, si kwa Februari peke yake.

Aidha, chuo ghali kinaweza kuwa rahisi. Tuseme chuo binafsi kinatoza Sh. 800,000 kwa mwaka lakini kinafundisha jioni, na kijana anaendelea na biashara yake mchana. Ada ni Sh. 1,600,000, nauli na vifaa ni vile vile, na jumla ni Sh. 3,580,000. Kwa kazi 14 za mwezi, fedha hurudi baada ya mwaka 1 na miezi 8 hivi. Sharti ni kwamba saa za karakana ziwe za kutosha. Fundi aliyesoma ubaoni tu atajifunzia kwenye kompresa ya mteja, na hasara itakuwa yake.

Kwa aliyekwisha kujifunza mtaani ipo njia fupi zaidi. VETA ina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana nje ya chuo. Mteja wa nyumbani haulizi cheti, lakini hoteli, benki na hospitali huuliza, na huko ndiko kunakopatikana mikataba ya matengenezo ya mwaka mzima, ambayo hupunguza makali ya miezi ya baridi.

Gesi zinabadilika

Hatari kubwa kwa mtaji huu iko kwenye gesi. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987, nchi zinazoendelea zilipangiwa kupunguza gesi za kundi la R-22 kwa asilimia 67.5 kufikia 2025 na asilimia 97.5 kufikia 2030. Nyongeza ya Kigali ya 2016 inagusa pia R-134a, pamoja na R-410A iliyochukua nafasi ya R-22.

Viyoyozi vingi vipya vinatumia R-32, ambayo inaweza kushika moto, na friji nyingi mpya za nyumbani zinatumia R-600a, ambayo huwaka kwa urahisi. R-410A nayo ina mgandamizo unaozidi ule wa R-22 kwa zaidi ya nusu, hivyo geji za zamani hazifai. Fundi aliyefundishwa R-22 peke yake atarudi kununua vifaa na mafunzo upya kabla mtaji haujarudi. Mwenye duka la vipuri naye asijaze stoo kompresa za R-22 kwa matumaini ya mauzo ya miaka 10.

Kabla ya kulipa, mwekezaji aingie karakana ya chuo, si ofisi ya mhasibu tu. Atazame kuna gesi zipi, pampu za kunyonya hewa ni ngapi, na wanafunzi wangapi hugawana pampu moja. Fedha zikiwa chache, bora zitengwe kwanza za vifaa: cheti bila geji, pampu na tochi ya kuchomelea shaba humfanya kijana kibarua wa fundi mwingine, na katika hesabu hiyo mtaji haurudi upesi.